Kahawa ya Kupimia Silinda

Mbele ya duka la Shabani pale Nyabiyonza palikuwa na benchi la ubao wa nyuma wa lori, na wenye benchi walikuwa wale wale. Shabani mwenyewe wateja walimwita Mizani, kwa kuwa alinunua kahawa ya wakulima na hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Melkiory aliitwa Tani Saba, maana aliwahi kuwa utingo wa lori la tani saba na hakutaka mtu asahau. Gaudiosus, mpiga kengele wa kanisa, aliitwa Kengele, na alistahili. Katikati yao kilikaa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani kisha ikaanikwa, ambayo mgeni akifika hupewa kabla hata hajaulizwa habari. Jumamosi hiyo ya mwaka 1956 ilisimama mbele yao pikipiki ya kijana Rwegoshora, ya zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, imevuliwa kichwa cha silinda.

Rwegoshora hakuwa na raha hata chembe. Kesho yake alitakiwa kupanda kilima cha Nyakasimbi kwenda kumposa Kemirembe kwa baba yake, Mzee Ndyamukama, na alikwisha kujitapa mbele za watu kwamba atafika mlangoni akiwa amekaa juu ya kiti. Kila alipojaribu, pikipiki ilikata pumzi katikati ya mlima, akaisukuma, na akina mama waliokuwa wakipalilia migomba wakamcheka huku wakilitaja jina la baba yake.

— Kichwa ni kinene, alisema Tani Saba. Kikisagwa, nafasi juu ya pistoni inapungua. Moto ukiwaka mahali padogo unasukuma kwa nguvu.

— Tumekisaga tangu asubuhi, alisema Rwegoshora. Jiwe la mama la kusagia ulezi sasa linanuka oili.

— Bado.

— Na pistoni ikigonga kichwa?

Tani Saba alichagua kikapuni kahawa moja laini, akaiweka juu ya pistoni, pembeni, wakarudisha kichwa na kuizungusha injini kwa mkono polepole. Walipofungua, kahawa ilikuwa bapa.

— Unene huu ndio nafasi iliyobaki, alisema, akairudisha ukingoni mwa kikapu. Tukisaga tena tutabana nyingine, tulinganishe. Hii ndiyo rula yetu. Isiguswe.

Mizani aliigusa papo hapo, akaifinya kama anavyofinya za wakulima.

— Nene mno. Saga mpaka ibaki kama ganda.

— Tatizo si unene, ni sauti, alisema Kengele. Chuma chembamba kinalia zaidi, na kinacholia zaidi kinafika mbali. Kengele yangu inasikika mpaka Kamuli.

— Kengele yako imewahi kupanda mlima? aliuliza Tani Saba.

— Sauti yake imepanda.

— Mimi ningetia rubisi, pombe ile ya ndizi, kidogo kwenye tangi, alisema Mizani. Mjomba wangu kule Bukoba, mashine yake ya kusaga ilionja rubisi kwa bahati mbaya, ikamaliza mahindi, ikaanza kusaga mawe yake yenyewe.

— Wewe Mwislamu safi, umejuaje mambo ya rubisi? aliuliza Kengele.

— Nazungumzia mashine.

— Hayo madogo, alisema Tani Saba. Kampala nimeona pikipiki za mashindano, kichwa kimesagwa mpaka mpandaji anaona moto ndani. Usiku hawashi taa.

Rwegoshora alimwamini nusu, na nusu hiyo ilitosha kumfanya ainuke kulifuata jiwe. Walibishana hivyo mchana kutwa, na kila mbishi alipokosa neno alitia mkono kikapuni.

Ndipo akatokea Mzee Ndyamukama, na fimbo yake, akitoka kuuza kahawa.

— Shikamoo, waitu, alisema Rwegoshora, kwa neno la kwao la kumheshimu mzee.

Wote walisimama. Mkono wa Mizani ulikwenda kikapuni wenyewe, ukasita. Humo ilibaki kahawa moja tu, ile bapa. Mizani alikisukuma kikapu kwa Kengele, Kengele akamsukumia Tani Saba, na Tani Saba akamkabidhi Rwegoshora huku akitazama mawingu. Kumnyima mgeni kahawa ni kumwambia apite zake, na mgeni mwenyewe ndiye huyu. Rwegoshora alimpa mzee ile rula kwa mikono miwili.

Mzee aliitia kinywani, akatafuna, akaacha kutafuna. Kahawa uliyopewa haitemwi. Aliendelea polepole, machozi yakimlenga.

— Hii imetoka wapi?

— Kwenye silinda, waitu, alisema Rwegoshora, maana uongo ulimshinda mbele ya baba yake Kemirembe. Tulikuwa tunapimia.

Mzee aliitazama pikipiki, akakitazama kikapu kitupu, akawatazama wanaume watatu wanaochunguza vidole vya miguu yao.

— Kesho utakuja kwa miguu, alisema. Na uje na jibu la jambo moja. Huo mtambo ukila kahawa ya wageni, binti yangu atakula nini?

Aliondoka bila haraka. Rwegoshora aliwageukia wenzake, akasubiri. Mizani alikigeuza kikapu, akakipigapiga kitakoni, na hakikudondoka kitu.