Tambuu ya Kona

Ndani ya basi la kwenda mji wa Hualien, mama aliyekaa mbele yangu aligonga dirisha. "Halifunguki? Hapa ndipo lori la mume wangu lilipotumbukia baharini. Kila mwaka namrushia tambuu."

"Kona hiyo iko juu, dada," mzee wa kando yake akamwambia. "Tumo handakini, tumboni mwa mlima. Nimelichimba mwenyewe."

"Kumbe mchawi wangu ni wewe!"

"Si mlitia sahihi ombi wenyewe, mkilia tuchimbe?"

"Nilikuwa wa kwanza kutia, ili watu wasife tena." Sauti ikamshuka. "Sikujua nitamwacha peke yake."

"Na barabara ya zamani imeporomoka, dada."

"Basi tambuu hii itafune wewe."

Mzee akaipokea. Mimi na meno yangu matatu hatukukaribishwa. Basi liliposimama, tambuu ilikuwa bado kiganjani mwake, nzima.