Baragumu Lililolala kwa Mwenyekiti

Mwenyekiti, akina mama, na nyie ndugu zangu wa Kinondoni mlionipa nafasi kwenye mkeka huu, mmetaka niseme nilikotoka kabla hamjanipokea chamani. Nitasema. Jina la mtu sitalitaja.

Nimezaliwa Mahenge. Nilishuka milima kwa miguu, nikavuka Kilombero kwa mtumbwi, nikatembea hadi Kilosa huku viatu vyangu vya shule ya misheni nimevining'iniza shingoni visije vikaisha soli. Hapo nikapanda treni. Nimeonja kazi ya mkonge Kimamba, nimekuwa karani wa ghala Morogoro, na popote nilipokuwa moyo ulikuwa ukinivuta kwingine. Hata leo nikisikia harufu ya mpunga mbichi, narudi kwetu kwa mawazo. Ila Temeke nilitulia, maana Temeke nilioa.

Sie watu wa kuja tulikuwa na chama cha kuzikana, cha Temeke na Buguruni pamoja. Mtu akifa, mpiga mbiu alizunguka na baragumu, watu wakaacha kazi wakaja. Halafu wakazidi wanaokuja matangani kula tu. Basi tukapitisha sheria: hakuna kwenda msibani, wala mwanamke kuangua kilio, kabla baragumu halijalia. Tulinyoosha mikono wote. Tulijiona wastaarabu.

Muda wa mwenyekiti wetu ulipokwisha, alilihamishia baragumu chumbani kwake Buguruni, eti lisiibiwe. Siku ya uchaguzi halikupigwa, tukafika wachache. Akatutazama, akasema, "Mnaona wenyewe? Watu hawataki uchaguzi."

Tukaenda bomani. Karani akauliza, "Chama kina mwenyekiti?" Tukasema kinaye. "Basi mashtaka yenu mpelekeeni mwenyekiti."

Ndipo sie wa Temeke tukajitenga, na mie ndiye niliyesimama kutangaza. Yule bwana hakukasirika. Alisema tu, "Nendeni salama. Tutaona mtazikwa na nani."

Ndugu zangu, nawaambieni, wa kwanza kufa alikuwa mke wangu. Homa ilimshika, na asubuhi akakata roho mikononi mwangu. Dada yake alifungua kinywa alie. Mzee mmoja wa upande wetu akamkataza: "Subiri baragumu, binti." Tulikuwa tumejitenga na mtu, lakini sheria ya baragumu tuliondoka nayo. Shemeji akajaza kanga mdomoni, akakaa, sauti haitoki.

Nikaenda Buguruni. Nilimkuta mwenyekiti anakunywa uji, mpiga mbiu kakaa kando.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkeo hajambo?"

Alikuwa anajua. Nilimweleza hata hivyo.

"Sema Temeke imerudi," akaniambia.

Nikasema.

"Sema kwa nguvu, wapangaji wangu wasikie."

Nikasema kwa nguvu. Alimaliza uji wake, akamgeukia mpiga mbiu. "Nenda Temeke. Tangaza kwamba marehemu amesafirishwa kwao Utete, watu wasijisumbue."

Mpiga mbiu akaondoka. Alikuwa na watoto wa kulisha, simlaumu.

Nilipofika nyumbani, wenzangu walikuwa wanapita barabarani na kunipa pole kwa mbali. "Pole, bwana. Mmesafirisha mapema." Nikiwaambia maiti yumo ndani, wanatazama chini: baragumu limesema hayumo. Jua likapanda. Inzi wakaanza kuja. Mie na shemeji tulipokezana kumpepea marehemu.

Hapo akaingia jirani yetu, mama wa Kizaramo muuza vitumbua, ambaye hakuwa mwanachama wa chochote. Alikuja kuuliza mbona mwenzake hajaonekana kisimani. Akamwona marehemu, kisha akamwona shemeji na kanga yake mdomoni.

"Na huyu kafanyaje?"

Nikamweleza sheria yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nyie watu wa bara," alisema, "mnangoja mume wa mtu apulize pembe ndiyo mlie? Toa nguo hiyo, mwanangu."

Akaichomoa mwenyewe. Akatoka uani, akaangua kilio, na shemeji akamfuata. Ua wa pili ukaitika, wa tatu ukaitika, kilio kikavuka barabara. Wanawake waliacha vyungu motoni wakaja, na waume zao nyuma yao, wamejiinamia.

Tulimzika alasiri. Mwenyekiti naye alifika, akasimama kando ya kaburi: "Nimeruhusu kilio, kwa huruma tu." Watu wakaitikia, "Ahsante, mzee." Hata wa Temeke. Kabla udongo haujakauka, wengi walikuwa wamesharudi kwake.

Yule mama nitamshukuru mpaka siku yangu ifike, pamoja na shemeji, na waliobeba jeneza. Nanyi mnaonisikiliza, mchagueni mnayemtaka na mumheshimu. Lakini chombo cha kuitia watu kisilale nyumbani kwake, na mfiwa asiombe ruhusa ya kulia.

Matanga yalipokwisha, nilifunga mkeka na sufuria, nikashika njia. Karibu na Buguruni nikakutana na mpiga mbiu, baragumu begani. Aliutazama mzigo wangu.

"Unahama, kaka?"

"Nahama."

Akasimama kidogo, akilipangusa baragumu kwa kiganja. "Nitangaze?"

"Kamwulize kwanza mzee," nikamwambia, "kama nimeondoka."