Mlio wa Pikipiki ya Mpima

Siku ya mwisho ambayo mambo yalikuwa ya kawaida, Mpima alirudi kutoka kazini na vumbi hadi kwenye nyusi, akakata kona penye mashine ya kusaga, na alipofika nyumbani akakuta mlango umekwisha kufunguliwa. Mkewe hakuwa mtu wa kusubiri hodi. Barabara ile ilipitiwa na pikipiki za kila aina mchana kutwa, lakini yeye aliijua ya mumewe tangu ikiwa konani, mafuta yakichemka jikoni na redio ikisema. "Umechelewa," alimwambia, "na hiyo pikipiki yako leo ina mafua." Wiki iliyofuata mkewe alilazwa. Pikipiki ikaingizwa stoo, ikafunikwa shuka kuukuu, ikakaa humo muda wote wa ugonjwa, na wa msiba, na miaka iliyokuja baada ya msiba.

Jioni hii pikipiki ilikuwa imesimama mbele ya benchi la Kinyozi, walipozoea kukaa wazee wenzake, inang'aa kama bwana harusi. Kazi yote ilikuwa imekwisha. Petroli iliyogeuka gundi ilimwagwa, kabureta ikafunguliwa na kusuguliwa, kiota cha panya kikatolewa kwenye chujio la hewa, betri mpya ikafungwa. Mpima, ambaye maisha yake yote alikuwa akipima viwanja vya watu na kuwawekea mipaka, alipiga kiki. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Benchi zima likapiga makofi. Yeye peke yake alisimama ameinamisha kichwa upande mmoja, kisha akaizima.

— Siyo yenyewe, alisema.

— Siyo yenyewe kivipi? aliuliza Plagi. Plagi alikuwa fundi wa pampu za maji, na kwake kila ugonjwa duniani chanzo chake ni plagi. Inanguruma kama paka aliyeshiba! akaongeza.

— Ndiyo tatizo. Haikuwa ikilia hivi. Nataka ilie kama zamani.

Hakueleza zaidi, na wao hawakumchimba. Walijua. Mambo kadhaa yalikuwa yameanza kumtoka Mpima, moja baada ya jingine: namna mkewe alivyokuwa akifunga kanga, neno alilolisema akipiga chafya. Hili la mlio hakutaka liende.

— Basi ni plagi, alisema Plagi.

— Wewe hata mkweo alipoumwa mgongo ulisema plagi, alidakia Kinyozi kutoka mlangoni, wembe mkononi, mteja wake akisubiri ndani na povu shavuni.

— Na hakupona?

— Alipona.

— Haya. Tuendelee.

Breki alimimina kahawa kutoka kwenye chupa yake. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kumwona akilipita gari jingine.

— Sikilizeni, wazee wenzangu. Chuma kina akili. Ukikiacha peke yake kinasahau. Lori langu lilikaa msimu mzima wa mvua bila kazi, siku nalichukua linalia sauti ambayo siijui kabisa.

— Si ulichukua lori la mtu mwingine! alisema Kinyozi. Mpaka polisi wakakufuata!

— Hilo ni suala jingine. Nazungumzia sauti.

— Mimi nakwambieni, alisema Plagi, petroli yenyewe imebadilika. Ile ya zamani ilikuwa nzito, inashuka kwa heshima. Hii ya siku hizi ina haraka. Haijaingia vizuri imekwisha toka.

— Hapana, hapana. Kinyozi alitoka kabisa, mteja akabaki na povu lake. Fikirini, alisema. Pikipiki imekaa stoo miaka. Inasikiliza nini humo? Hizi pikipiki mpya zinazopita nje, asubuhi mpaka usiku. Imeiga! Ni lafudhi hiyo. Mtoto wa dada yangu alikaa ugenini mwaka mmoja tu, akarudi anaongea kwa pua.

— Pikipiki ina pua?

— Na lile tundu la hewa ni nini?

Plagi alilitazama tundu la hewa kwa muda, kama mtu anayefikiria upya mambo mengi.

— Nyote mnapotea, alisema Breki. Tatizo halipo kwenye pikipiki. Lipo mtaani. Zamani nyumba hizi zote zilikuwa fupi. Mlio ulikuwa unakwenda zake. Sasa unagonga lile ghorofa la mwenye duka la dawa, unarudi umechakaa.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo ghorofa livunjwe. Angalau sehemu ile ya juu.

— Nani atakwenda kumwambia?

— Plagi. Ana maneno mazuri.

Walicheka mpaka benchi likalia. Mpima naye alicheka kidogo. Kinyozi akaketi pembeni yake, akapangusa wembe kwenye kitambaa, akasema kwa sauti ya chini:

— Unakumbuka ile harusi tuliyoalikwa, Mpima? Shemeji amekaa nyuma, upande upande, sufuria la mchuzi mapajani. Barabara yote mashimo. Sisi tunawafuata kwa miguu tunasubiri tu mchuzi umwagike.

— Haukumwagika, alisema Mpima.

— Hata tone! Akashuka anatuambia, "Mbona mnanuna, mlitaka kulamba barabara?"

Mteja mwenye povu alichungulia mlangoni, akaona hali ilivyo, akarudi ndani mwenyewe.

Ndipo akatokea fundi cherehani mpya, mama aliyepanga chumba cha jirani tangu mwanzo wa mwezi. Shingoni alikuwa na utepe wa kupimia.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

— Ahsanteni. Nimekuja kuomba tu msogeze pikipiki, wateja wangu wanashindwa kupita. Akawatazama mmoja mmoja, akauliza: Kwani ni mbovu? Nimeisikia ikiwaka, nikaona ni nzima.

— Ni nzima, alisema Plagi. Ila hailii kama zamani.

— Ilikuwa ikilia vipi?

Breki akawa wa kwanza. Alijaza mashavu, akatoa mngurumo mrefu wa lori linalopanda mlima. Kinyozi akamkatiza kwa tu-tu-tu-tu kavu, kichwa kikienda nacho. Plagi akasema hapana, akafumba macho na kutoa sauti ya maji yakipanda kwenye bomba. Wazee watatu wakawa wananguruma kwa pamoja, kila mmoja juu ya mwenzake, na fundi cherehani akajishika mdomo asicheke. Kisha mmoja mmoja wakaishiwa pumzi, wakamgeukia Mpima.

Mpima alifungua kinywa. Miaka yote ile alikuwa juu ya pikipiki yenyewe, kofia ngumu kichwani, upepo masikioni, akili yake kwenye vipimo vya siku. Mlio ule hakuwahi kuusikia ukija. Akafunga kinywa.

Breki aliinua chupa ya kahawa, akaitikisa. Ilikuwa tupu. Wakainuka, wakasaidiana kuisogeza pikipiki.

Asubuhi yake, kabla Kinyozi hajafungua, Mpima alikwenda kumgongea Breki, akampa ufunguo.

— Nenda nayo hadi mashine ya kusaga, ugeuze, urudi. Kawaida tu.

— Na wewe?

— Mimi nitakuwa ndani.

Aliingia jikoni, akafunga mlango, akawasha redio. Akaketi kwenye kigoda cha mkewe karibu na jiko, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Ilipita pikipiki nzito. Aliinuka nusu, nayo ikaenda zake. Ikapita nyingine yenye mlio kama wa vijiko ndani ya ndoo. Ikapita ya tatu, wala hakuitilia maanani, mpaka iliponyamaza mlangoni na Breki akapiga hodi.

Mpima akafungua.

— Umeisikia?

— Sikuijua.

Breki alibaki amekaa juu ya pikipiki, mikono kwenye usukani.

— Zunguka tena, alisema Mpima, akafunga mlango.