Firigisi Ni ya Daktari Ethel

Tarehe 30 Juni Profesa Ethel Macrae, daktari wa mifugo kutoka Uskoti, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha na kutafiti magonjwa ya kuku huku kwetu Masasi na Newala. Chuo chake kinasema umri umefika. Mimi nimemzidi umri na jembe bado nashika, lakini hayo tuyaache.

Baba yake alifuga kondoo kwenye baridi ya kung'ata mifupa. Binti akasoma hadi uprofesa. Angeweza kubaki na ng'ombe wakubwa wa watu wakubwa; akaja kijijini kwetu Chiungutwa kuulizia kuku. Wanaume kijiweni walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia: "Profesa mzima, anafuata kuku wa akina mama!" Akawauliza, korosho zikiwa bado maua, sare za watoto wao hununuliwa kwa pesa ya nini kama si ya kuku hao?

Adui yake ni kideri, ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima. Na sisi tulikuwa tukiusaidia. Kuku akianza kusinzia tulimchinja upesi, nusu tukala, nusu tukampelekea wifi kule kijiji cha Chiwata. Upendo wetu ndio uliobeba kideri. Ethel alipolisema hilo, jirani yangu Sikudhani alimwakia: "Wewe mtoto, umekuja kutufundisha uchoyo?" Akajibu, "Shikamoo, bibi. Wifi mpelekee muhogo, muhogo hauugui kideri." Sikudhani akaitikia marahaba, na hasira ikakosa pa kukaa.

Akatufundisha kuchanja: tone moja katika jicho la kila kuku, nyumba kwa nyumba, bila kuruka hata ya mtu mliyenuniana naye. Kiangazi kilichofuata kideri kilipita Chiungutwa kama mgeni aliyekosa mlango. Wanafunzi wake aliwaleta kwetu wajifunze kushika kuku. Mmoja alidonolewa sikio. Ethel akatangaza kuwa kuku ndiye aliyefaulu.

Mradi uliomleta ulipokwisha aliitwa arudi kwao. Hakurudi. Alipanda bodaboda mpaka Chilangala, chanjo kikapuni chini ya kitambaa kibichi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Sasa wakubwa wametuambia chanjo ya vijijini inafungwa pamoja na ajira yake. Nani kawatuma? Anayestaafu ni Ethel. Kideri hakijastaafu, na sisi tuliofundishwa naye hatujastaafu. Kila nyumba itatoa mayai, mayai yatanunua chanjo, na Jumatatu tunaanza Chiwata. Anayetaka kutuzuia atukute njiani.

Leo tumempikia kuku. Kwa mila yetu firigisi huliwa na mwanamume. Leo iko kwenye sahani ya Ethel, na mwanamume mwenye neno aje nalo jikoni, nipo.

Ahsante, mwanangu. Kapumzike, magoti yasikuume, na maisha yaliyobaki yawe matamu. Ukikosa usingizi huko kwenu, ujue jogoo wa Chiungutwa anawika, na amechanjwa.

Bibi Dominika, kwa niaba ya akina mama wachanjaji, Chiungutwa