Bwana Rudia na Mashine Isiyo na Mjomba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mtahini Mkuu wa Madereva katika ofisi yetu ya leseni anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Jina lake halisi lipo, lakini tukiliandika hapa nusu ya wafanyakazi watauliza ni nani huyo. Humu ndani na huko nje, mpaka kwa wauza maji wa getini, anaitwa Bwana Rudia.

Jina hilo hakupewa bure, alilitolea jasho. Ukigusa pipa wakati wa kurudi nyuma: rudia. Ukisahau mkanda: rudia. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifunga mkanda, akatazama vioo vyote, akaliondoa gari vizuri kabisa, kisha akafumba macho kidogo ili amshukuru Mungu. Rudia.

Alianza kama karani wa picha. Enzi hizo kila mtahiniwa alipigwa picha asubuhi ya mtihani, nayo ikahifadhiwa kwa ajili ya usalama. Usalama wenyewe ulikuwa wa hali ya juu, maana kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuzitazama. Baadaye akapanda kuwa mtahini, kisha mtahini mkuu, na hapo ndipo alipoanza kupigania mashine ya kutambua watu kwa alama za vidole na sura, ili leseni za kughushi zikome. Hoja yake ilikuwa fupi: "Mlinzi ana mjomba, karani ana shemeji, mimi nina majirani. Mashine haina mjomba." Wakubwa waliipenda kauli hiyo hadi wakaichapisha kwenye bango la uzinduzi. Walisahau tu kumtaja aliyeisema.

Mashine ilipofika, ilianza kazi kwa kuwakataa mafundi wa gereji. Vidole vyao vilikuwa vimelika kwa spana na grisi. Watu wanaolijua gari mpaka utumbo wake wakaambiwa hawatambuliki, huku waliokuwa hawajawahi hata kubadilisha tairi wakitambuliwa papo hapo, vidole laini kama vya mtoto mchanga. Bwana Rudia akaweka beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni pale mlangoni, na kwa wiki kadhaa ofisi yetu ilinukia kama zahanati.

Kisha kila mwenye leseni akaitwa aje mwenyewe, aweke vidole, aitazame kamera. Mashine ikalinganisha sura yake na ile picha ya siku ya mtihani. Hapo ndipo fundi wa kompyuta alipotuita wote chumbani kwake.

Kwenye skrini alikuwako mwanamume mmoja katika picha nyingi: ana kofia, hana kofia, ana ndevu, hana ndevu, ana miwani ya kusomea. Chini ya kila picha palikuwa na jina la mtu mwingine. Miaka nenda miaka rudi, bwana huyu alikuwa akiwafanyia watu mtihani kwa malipo, katika uwanja wetu huu huu. Tukambatiza Kofia. Bwana Rudia, ambaye ndiye aliyemtahini karibu mara zote, akaanza kusoma kwa sauti maoni aliyoyaandika yeye mwenyewe: "Dereva makini sana." "Mfano wa kuigwa." "Laiti wote wangekuwa kama huyu." Tulicheka hadi mhasibu akaja kuuliza kuna nini. Mtu pekee ambaye Bwana Rudia hakuwahi kumwambia arudie ndiye huyo, na ndiye pekee aliyekuwa akirudia kila mwezi.

Kicheko kilikatika tulipofikia jina la mwisho. Lilikuwa la kifungua mimba wa Bwana Rudia, dereva wa lori la kusambaza soda. Mtihani wake ulifanyika wakati baba yake yuko likizo, mbele ya mtahini mwingine ambaye sasa amehamishwa. Mzee aliporudi kazini na kusikia habari njema, alitununulia soda ofisi nzima, akisema damu ni damu.

Fundi wa kompyuta alikohoa. "Mzee, hii moja tunaweza kuiruka. Mashine bado mpya, huenda inakosea."

Bwana Rudia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kama imekosea kwa mwanangu, basi imekosea kwa wote. Bonyeza."

Leseni ikafutwa. Kofia alikamatwa wiki hiyo hiyo. Alipodaiwa leseni yake mwenyewe, alijibu kwamba hajawahi kupata nafasi ya kuishughulikia. Hiyo tuliicheka, lakini nyumbani kwa mzee hakuna aliyecheka. "Umemwaga unga wa mwanao kwa mkono wako mwenyewe," mama watoto alimwambia, kisha akamnunia. Kijana naye alikuwa na lake: "Ningekuja kwako, Baba, ningeota mvi pale uwanjani."

Mwajiri wa kijana alimpa hadi mwisho wa mwezi awe na leseni halali, la sivyo lori lipewe mtu mwingine. Ilibidi atahiniwe, na ghafla afya za watahini wetu zikadhoofika. Mmoja aliumwa mgongo, mwingine macho, wa tatu akakumbuka harusi. Akabaki baba mtu.

Kijana aliweka kidole, mashine ikamkubali, wakaingia garini. Alikuwa ameendesha lori miaka sita bila kukwaruza mtu, na ilionekana: mkono mmoja kwenye usukani, kiwiko dirishani. Rudia. Mara ya pili alishika usukani kwa mikono miwili, lakini hakusimama kwenye alama ya simama. "Hakuna mtu, Baba." "Mimi si mtu?" Rudia.

Mara ya tatu ilikuwa siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Sote tulikuwa madirishani, tukijifanya tunapanga mafaili. Gari lilizunguka mapipa, likasimama penye kusimama, likarudi nyuma taratibu kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa. Likazimwa. Kisha tuliona mkono wa mzee ukitua kwenye bega la mwanawe, na ukakaa hapo. Aliporudi ofisini macho yalikuwa mekundu. Alisema uwanja una vumbi. Usiku uliotangulia ilikuwa imenyesha mvua kubwa.

Kijana yuko kwenye lori lake mpaka leo. Na wanaotaka kupitishwa kwa mlango wa nyuma wamepungua, si kwa kuiogopa mashine, bali kwa kusikia yaliyompata mtoto wa mwenyewe.

Asante, Mzee, kwa kutufundisha kazi, na kwa kuturudisha kila tulipolegeza mkono. Mama watoto, ambaye sasa ameacha kununa, ametuma ujumbe tukusomee: nyumbani hakuna mtahini mkuu, na kupika kwake hakurudiwi. Tunakutakia pumziko jema na maisha marefu, na abiria wasiokuogopa.