Mzee Wa Seng Amebaki Ukingoni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Wa Seng Moua, mpiga keng wetu. Amefariki. Mzee Wa Seng, aliyewasindikiza wafu wetu wote, amefariki, na kumsindikiza yeye kumetushinda.

Zumari yake hiyo, keng, mnaikumbuka: mianzi sita iliyotiwa weusi na moshi wa jikoni, mdomo wa shaba aliousugua kwa majivu. Kabla ya kuipiga, aliwauliza wafiwa: marehemu aliishi wapi, na kabla ya hapo wapi? Kisha keng, ikitaja kila jina, ilimrudisha marehemu kijiji kwa kijiji, hadi nyumba aliyozaliwa, akachukue kondo lake la nyuma lililozikwa chini ya nguzo. Bila kondo hilo mtu hafiki kwa babu zake.

Vijiji vyake mwenyewe hakuvitaja. Wakati wa vita alivushwa mto Nam Phao mgongoni mwa mama yake. Majina ya huko ng'ambo mama alimwachia yeye peke yake.

Mwaka huu kifua kilipombana, mkewe, Bi Yer, alimwuliza majina hayo, huku akimpoozea uji wa mchele. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"We mama, hata uji sijamaliza, ushanifungia mzigo?"

Kwetu mgonjwa hatajiwi njia hiyo ndani ya nyumba. Ni kukiita kifo. Bi Yer akaendelea kupooza uji. Wakakubaliana mvua zikikatika watapanda kwenye kibanda cha shamba, akamtajie Kou, mtoto wa mdogo wake, ambaye mzee mwenyewe alimfundisha keng. Mvua hazikukatika. Mzee akafa mahindi yakiwa bado mabichi.

Msibani Kou alipiga vizuri, tuseme ukweli. Akamtoa mzee nyumbani, akampitisha kijiji cha misonobari, akamshusha hadi mto Nam Phao. Hapo akakwama. Akaanza upya. Akafika mtoni, akakwama tena. Wazee wakamnong'oneza abahatishe jina lolote, watu wamechoka. Kou akamgeukia Bi Yer.

"Mama mkubwa, nimpeleke wapi?"

"Usimdanganye njia, mwanangu. Mwache hapo hapo."

Kou akaishusha keng. Tukamzika.

Siku hizi mvua ikianza kugonga bati, Bi Yer hapati usingizi. "Mto ule ukijaa haupitiki," anasema, "na kuogelea hajui." Wakati wa kula huweka kijiko cha wali na kumwita. Wengine tunawaita wafu wetu pamoja na babu zao. Yeye anamwita mmoja tu, kutoka ukingoni.

Pole, Bi Yer. Pole, Kou. Poleni ukoo wa Moua. Neno la kuwafuta machozi sina.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, watoeni wazee wenu nje leo, mbali na nyumba, muwaulize walizaliwa wapi. Na kama yupo anayekijua kijiji, ng'ambo ya Nam Phao, alikotoka mama wa ukoo wa Moua akikimbia vita na mtoto mgongoni, atuletee jina. Tumeuliza msimu mzima. Hajatokea mtu.