Marehemu Learco Bertolani na Mahadhi ya Bibi Harusi wa Pieve Sabbiosa

Learco Bertolani alizaliwa tarehe 9 Februari 1942 hapa Pieve Sabbiosa, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Anselmo, fundi wa kiwanda cha jibini, na marehemu Dirce. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, na kwamba hata aliposema, hakusema mengi.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha akaenda Reggio kusomea upimaji wa ardhi, akamaliza mwaka 1961. Huko alijifunza gitaa, na kutoka gitaa akaifikia luti, yule binamu wa udi mwenye tumbo la tikiti, ambaye wakati huo hakuna kijana aliyemtaka.

Mwaka 1964 aliajiriwa katika ofisi ya ramani za ardhi, akakaa humo miaka thelathini na minane. Kusoma hati za mashamba za kale kulimzoesha mwandiko wa watu waliokufa. Jumamosi alipanda treni kwenda kwenye maktaba za Modena na Bologna, na mkate wenye soseji ya mortadella mfukoni, kufuatilia nyimbo za luti za miaka mia tano iliyopita, zilizoandikwa kwa mistari, kila mmoja uzi wake, na namba za mahali pa kubonyeza. Kila wimbo aliouona, katika mswada au katika kitabu cha nyimbo, aliandika sauti zake kumi na mbili za mwanzo kwenye kadi, akaipanga katika maboksi ya viatu. Hivyo aliweza kuona mahadhi ya walevi wa Ferrara yamevikwa maneno ya kumsifu Bikira Maria huko Brescia. Ameacha kadi 11,640. Sisi tuliomsaidia kuzihamisha mara tatu tunaujua uzito wake.

Mwaka 1977, katika mswada usio na jina la mwandishi, alikuta dansi moja isiyolingana na kadi yake yoyote. Aliiita Bibi Harusi wa Pieve Sabbiosa, kwa kuwa mswada ulitoka katika nyumba ya zamani ya mji huu. Manispaa ilichapisha kijitabu chake mwaka uliofuata. Tangu hapo hakuna bibi harusi aliyetoka katika kanisa letu bila bendi kumpigia mahadhi hayo.

Siku hizo alikuwa akimchumbia Ivana Ghizzoni, mwalimu wa chekechea.

"Jumamosi hii unanipeleka wapi?" Ivana alimuuliza.

"Modena."

"Kucheza dansi?"

"Kuitazama. Imeandikwa."

Alikwenda naye hivyohivyo, akasinzia juu ya meza ya maktaba. Walifunga ndoa tarehe 26 Aprili 1980, na Ivana naye akatoka kanisani kwa mahadhi yale. Walijaliwa binti mmoja, Mirella.

Mwezi Machi 2009, huko Bologna, Learco alikuta mswada wa pili wenye mwandiko uleule. Humo mwandishi alikuwa ameeleza desturi yake: mstari wa juu ni uzi wa sauti ya juu. Waandishi wetu wengi walifanya kinyume. Kwao mstari wa chini ndio uzi wa sauti ya juu, kama luti inavyokaa mapajani mwa mpigaji. Huyu alikuwa amefundishwa kwingine. Learco alikuwa ameisoma dansi yake kichwa chini miguu juu, na kila namba iliyoumiza sikio aliibadilisha. Alibadilisha kumi na tisa, na katika kijitabu akaeleza kwamba mwandishi alikuwa amelewa. Iliposomwa sawasawa, ilikuwa dansi ya kawaida kabisa. Alikuwa nayo tayari kwenye kadi arobaini na tatu.

Alirudi nyumbani, hakugusa chakula.

"Umeibiwa?" Ivana aliuliza.

"Sikuibiwa. Bibi Harusi hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Hakuwahi kuwepo. Nilikosea, Ivana."

"Sasa mimi nilitoka kanisani na nini, bwana we?"

"Na makosa yangu kumi na tisa."

Ivana alimsogezea supu ya tortellini. "Subiri nife kwanza," alisema, "kisha uwaambie."

Wiki hiyohiyo aliandika sahihisho la ukurasa mmoja, akalitia katika droo ya meza ya jikoni. Lilikaa humo miaka kumi na minne. Kila mwaka baada ya Pasaka alimuuliza mkewe, "Bado?" naye akajibu, "Unavyoniona, ningali hai." Siku za harusi alisimama nje ya kanisa, kofia mkononi. Nello, kiongozi wa bendi, alimtania: "Maestro, mbona hupigi makofi? Wimbo ni wako."

"Mikono imechoka, Nello."

Mwaka 2016 mikono hiyo ilianza kutetemeka, na madaktari wa Reggio wakasema ni ugonjwa wa Parkinson. Hakuweza tena kuandika kadi. Ivana, ambaye hakujua muziki, alikaa mezani kila asubuhi akiandika namba anazotajiwa. Waliandika kadi nne kwa siku, baadaye mbili, baadaye moja, na wote wawili walichoka. Lakini kidogo kidogo Ivana alianza kusoma mistari ile mwenyewe.

Januari mwaka huu alimuuliza, "Huyu mwandishi wako, kweli alikuwa amelewa?"

"Alikuwa na akili zake timamu. Nilimsingizia mimi, na hana ndugu wa kumtetea."

Ivana alichonga kalamu, akaomba namba inayofuata.

Learco alifariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 11 Machi 2023, saa nne asubuhi, baada ya wiki tatu za kichomi. Ameacha mjane, Ivana. Binti, Mirella, na mumewe Fausto. Wajukuu wawili, Agnese na Tobia. Na dada yake, Iolanda.

Jumapili mchana Ivana alifungua ile droo, akaipeleka karatasi ya sahihisho kwa mchapaji wa kijitabu hiki cha mazishi mlichokishika. Mchapaji aliitazama ile mistari na namba, akasema, "Bibi, hii haina nafasi. Niifupishe?"

"Iweke ukurasa wa mwisho," Ivana alisema. "Na usibadilishe hata namba moja."

Mungu ampe Learco pumziko alilolingoja, na amkumbuke pia yule mwandishi tusiyemjua jina.